Hamu ya Gemu ya Mtandaoni Inapokauka: Kuifahamu Saa ya Seva na Kuipanga Yako

Mtu anayepoteza hamu ya gemu ya mtandaoni ya kukuza mhusika kwa kawaida haachi kucheza. Huendelea. Kila jioni anafungua World of Warcraft, Final Fantasy XIV au Genshin Impact, anamaliza kazi za siku, anapokea zawadi, anazima, na ukimuuliza amefurahia nini hana jibu. Hapo hujilaumu kwamba amezeeka au amekuwa mvivu, au hulaumu gemu kwamba imeisha utamu. Mara nyingi tatizo liko kwenye ratiba. Kila gemu ya aina hii ina saa yake, na mchezaji ameifuata saa hiyo muda mrefu hadi kile kilichompeleka mle ndani kimekosa nafasi.

Kinachosubiri, kinachomwagika, kinachojijaza

Karibu kila unachofanya ndani ya gemu hizi kinaingia katika moja ya makundi matatu. Ukishayatenganisha, maamuzi mengi huwa mepesi.

Kuna vinavyokusubiri: hadithi kuu, ramani, kiwango cha mhusika, ujuzi wake. Ukiondoka leo ukarudi mwakani utavikuta ulipoviacha. Old School RuneScape, iliyofunguliwa Februari 2013, imejengwa kwa sehemu kubwa na vitu vya namna hii. Kufikisha ujuzi mmoja kiwango cha 99 kunahitaji alama za uzoefu 13,034,431, na hakuna siku utakayokosa ikakupunguzia hata moja kati ya ulizokwisha kupata.

Kuna vinavyomwagika, yaani vyenye kikomo au tarehe ya mwisho. Mfano mzuri ni rezini ya Genshin Impact, nguvu unayolipa ili upokee zawadi baada ya kumshinda bosi (adui mkubwa) au kumaliza pango (eneo maalumu la mapambano). Inajizalisha moja kila dakika 8, sawa na 180 kwa siku, na ikijaa inasimama. Gemu ilipotoka Septemba 2020 kikomo kilikuwa 120, kinachojaa kwa saa 16. Muda mfupi baadaye kikapandishwa hadi 160, saa 21 na dakika 20. Itazame vizuri idadi hiyo: ni pungufu ya siku moja. Aliyeingia kila siku saa ileile, bila kukosa hata mara moja, bado alipoteza rezini 20 kila siku. Ndiyo maana wengi walijikuta wakiingia mara mbili, asubuhi kabla ya kazi na usiku kabla ya kulala. Mwaka 2024 kikomo kilifika 200, saa 26 na dakika 40, na kuingia mara moja kwa siku kukatosha. Mabadiliko hayo ya rezini 40 yana thamani kuliko mahubiri yote ya kujidhibiti, kwa sababu yaligusa chanzo chenyewe cha usumbufu.

Na kuna vinavyojijaza wakati haupo. World of Warcraft ina hali ya mapumziko: mhusika ukimwacha ndani ya nyumba ya wageni au mjini, anajiwekea akiba ya asilimia 5 ya kiwango chake kila saa 8, hadi kufikia kiwango kimoja na nusu. Wakati akiba hiyo inatumika, kila adui unayemuua anakupa alama mara mbili. Kuijaza yote kunahitaji siku 10 za kutocheza. Ukimwacha porini, akiba inakua kwa robo ya kasi hiyo, kwa hiyo dakika mbili za kumrudisha mjini kabla ya kuzima zina faida halisi.

Historia ya mfumo huo inafundisha sana. Katika majaribio kabla ya gemu kutoka Novemba 2004, Blizzard, kampuni iliyoitengeneza, ilianza na adhabu: ukicheza muda mrefu, alama zako zinakatwa nusu. Wachezaji waliichukia. Watengenezaji wakageuza maelezo: kiwango cha chini kikaitwa cha kawaida, na kile cha juu kikaitwa zawadi ya kupumzika. Malalamiko yakatulia. Alama alizopata mchezaji zilikuwa zilezile na saa zilezile. Kilichobadilika ni kama alihisi anaadhibiwa kwa kukaa au anatuzwa kwa kuondoka. Gemu nyingi za leo zimechukua njia ya kinyume, na huko ndiko uchovu unakotoka: kutokuwepo kwako kunahesabiwa kuwa hasara.

Siku moja uliyoikosa inagharimu kiasi gani

Hofu ya kukosa hupungua nguvu ikipigiwa hesabu, na hesabu zenyewe ni fupi.

Turudi Genshin. Kazi nne za siku zinakupa vito 60. Kujaribu bahati mara moja kupata mhusika mpya kunagharimu vito 160. Katika hali mbaya kabisa, ambapo bahati imekukataa mpaka mwisho, mhusika unayemtaka amehakikishwa ndani ya majaribio 180, sawa na vito 28,800. Siku moja uliyoikosa basi ni sehemu moja ya 480 ya safari hiyo. Rezini nazo: ukiziacha sifuri ukakaa saa 48, zingezalishwa 360, utakuta 200, umepoteza 160. Hiyo ni malipo ya mapango 8 kwa bei ya 20 kila moja. Ni kitu, lakini hakistahili kukuamsha usiku wa manane.

World of Warcraft ina sanduku la wiki liitwalo Great Vault, na hili ndilo linalowachosha watu wengi kwa kutofahamika. Kwa upande wa mapango ya Mythic+, yale ambayo ugumu wake unaweza kupandishwa, ukimaliza 1 unafungua chaguo la kwanza, ukimaliza 4 la pili, ukimaliza 8 la tatu. Wengi wanasoma hapo kwamba mapango 8 yanaleta vitu vitatu. Hapana. Unachukua kimoja tu kwa wiki, hata ukifungua machaguo yote. Ubora wa chaguo la kwanza unafuata pango lako gumu kuliko yote. La pili linafuata la nne kwa ugumu. La tatu linafuata la nane. Pango moja huchukua kama nusu saa hadi dakika 40, na hapo hujahesabu muda wa kutafuta wenzako. Kwa hiyo pango moja gumu linakupa kifaa cha ubora uleule, na saba zinazofuata, saa nne au zaidi, zinanunua upana wa kuchagua. Mwanzoni mwa msimu, mhusika akiwa hana kitu, upana huo una maana ndogo kwa sababu karibu kila kitakachotoka kitamfaa. Katikati ya msimu, unapowinda kifaa kimoja mahususi, ndipo saa hizo zinalipa. Watu hufanya kinyume chake, wakafika katikati wamekwisha choka.

Final Fantasy XIV ina kikomo cha tomestone (sarafu za kununulia vifaa) 450 kwa wiki kwa zile za aina mpya zaidi. Vazi la kifua ni 825, maana yake wiki mbili hata ukicheza usiku na mchana. Kikomo cha namna hii kina upande mzuri: kinakuambia waziwazi lini umemaliza. Ukifika 450, kundi hilo la kazi limefungwa hadi Jumanne. Anayeendelea kurudia mapango yaleyale baada ya hapo kwa mazoea tu anatumia hamu yake bure.

Old School RuneScape inahitaji hesabu ya aina nyingine, kwa sababu hasara yake haiko kwenye siku uliyokosa. Iko kwenye umbali. Nusu ya alama za kufikia 99 inapatikana kiwango cha 92. Tuseme njia unayotumia inakupa alama 50,000 kwa saa: utahitaji karibu saa 130 kufika 92, na karibu saa 130 nyingine kwa viwango saba vilivyobaki. Mchezaji anayecheza saa moja kwa siku ataona viwango vikipanda kila mara wiki za mwanzo, kisha atakaa wiki nzima bila kupanda hata kimoja, na atadhani amechoka gemu. Ukweli ni kwamba kipimo chake cha maendeleo kimeacha kusema. Dawa ni kubadilisha kipimo: malengo ya alama badala ya viwango, au kugeukia misheni na ujuzi mwingine kwa muda.

Zawadi inavyoweza kuua kitu ulichokuwa unakipenda

Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichukua watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Jingine lilipewa cheti bila kutarajia. La tatu halikupewa kitu. Baadaye, vyeti vilipoondolewa, walioahidiwa walichora kwa muda wa karibu nusu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungukiwa. Ahadi ya malipo ilikuwa imegeuza mchezo kuwa kibarua.

Kazi za siku ni ahadi hiyo ikirudiwa kila asubuhi. Mtu aliyekuwa akizurura milimani kwa kupenda mandhari anapewa orodha ya vitu vinne vya kufanya milimani ili apate vito, na baada ya miezi hapandi mlima usio kwenye orodha. Zawadi ya kushtukiza, kama sanduku lililofichwa nyuma ya maporomoko ya maji, haina sumu hiyo.

Kuna na swali la aina ya mchezaji. Richard Bartle, aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kutengeneza MUD, dunia ya mtandaoni ya maandishi, katika Chuo Kikuu cha Essex mwaka 1978, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wa dunia za mtandaoni wanafuata mambo manne: kufikia malengo, kuvumbua, kukaa na watu, na kuwashinda wengine. Mgawanyo huo ni wa jumla mno na watafiti wa baadaye wameuboresha, ila kwa kujichunguza unatosha. Ratiba za siku na wiki zimetengenezwa kwa ajili ya kundi la kwanza. Mvumbuzi anayeishi kwa orodha ya mfikia malengo atakauka tu.

Jinsi ya kujua umekauka wapi: kwa siku 7, kabla ya kufungua gemu andika mstari mmoja wa unachotaka kufanya. Ukizima, andika ulichofanya, na weka alama kwenye kila jambo ambalo ungelifanya hata kama lisingekuwa na zawadi. Usibadilishe uchezaji wako wiki hiyo. Kama karibu hakuna alama, wiki mbili zinazofuata acha kabisa kazi za siku, kisha angalia mkono unaenda wapi wenyewe. Ukienda kwenye ramani, au kwenye mazungumzo ya kikundi, au kwenye mapigano ya wachezaji kwa wachezaji, hamu yako ipo na umeiona ilipo. Usipokwenda popote, gemu imekwisha kwako kwa sasa, na hiyo ni taarifa nzuri kuijua mapema kabla hujalipia miezi sita.

Kuipanga jioni

Kosa la kawaida ni kujiwekea kikomo cha saa mbili na kengele ya simu. Kengele inalia ukiwa katikati ya pango na wenzako wanne, huwezi kuwaacha, unaizima, na kuanzia hapo kengele haina heshima tena. Katika Final Fantasy XIV ukitoka katikati unafungiwa dakika 30 usiweze kujiunga na shughuli nyingine, kwa hiyo hata gemu yenyewe inakuzuia kutii ratiba yako. Weka kengele ya kutoanza jambo jipya. Hesabu kurudi nyuma: unataka kulala saa 5 usiku, pango refu ni dakika 40, foleni dakika 15. Kengele ilie saa 4 na dakika 5. Baada ya hapo fanya yale tu yanayokatika dakika yoyote: kuvua samaki, kutengeneza vifaa, kupanga bei sokoni, kusafisha begi.

Mpangilio wa ndani nao ubadilishwe. Wengi huanza na kazi za siku ili ziondoke njiani, halafu muda au nguvu vinaisha kabla ya kufikia walichokitaka. Anza na ulichokijia. Kazi za siku zibaki mwisho, na zikikosa nafasi, hesabu ya hapo juu umekwisha iona.

Kwa mchezaji wa Afrika Mashariki saa za seva zina mitego yake. Siku mpya ya Final Fantasy XIV inaanza saa 12 jioni kwa saa zetu, na wiki mpya inaanza Jumanne saa 5 asubuhi. Seva ya Ulaya ya Genshin inaanza siku saa 12 asubuhi, ya Asia saa 5 usiku. Mpaka huo unaweza kukusaidia: Jumamosi ukicheza Final Fantasy XIV kuanzia saa 11 hadi saa 1 jioni, unachukua kazi za siku inayoisha na za siku inayoanza kwa mkao mmoja, na Jumapili uko huru mpaka saa 12 jioni. Lakini aliyechagua seva ya Asia mpaka wake unaangukia saa ya kulala, na atavutwa kila usiku. Kama unaanza upya Genshin, chagua Ulaya. Maendeleo hayahamishiki kutoka seva moja kwenda nyingine.

Bando la usiku litumie kupakua masasisho, maana toleo jipya mara nyingi ni GB kadhaa. Acha simu au kompyuta ipakue wewe umelala. Ukilitumia kuchezea, bei nafuu ya data utailipa kwa usingizi.

Deni kwa wenzako

Hakuna kinachomfunga mtu kama watu. Kikundi cha uvamizi (mapambano ya pamoja dhidi ya mabosi wakubwa) katika World of Warcraft cha ugumu wa juu kabisa kinahitaji wachezaji 20, na cha Final Fantasy XIV kinahitaji 8; mmoja akikosekana, saba wengine wamekaa bure. Deni hilo ni la kweli na linastahili heshima. Kwa sababu hiyohiyo, ni vibaya kulikopa bila kupiga hesabu. Kikundi cha Ulaya kinachoanza saa 2 usiku kwa saa za Berlin kinaanza saa 3 usiku Dar es Salaam wakati wa kiangazi cha huko, na saa 4 usiku wakati wa baridi. Wakati huo wa baridi uvamizi wa saa tatu unaisha saa 7 usiku. Ukijiunga Julai, ukumbuke Novemba.

Hamu ikipungua, usipotee kimyakimya wala usiendelee kuja ukiwa umenuna. Mwandikie kiongozi wiki moja au mbili kabla, na umpe jambo lililo wazi: "Kaka, kuanzia tarehe 15 nitaweza usiku mmoja kwa wiki. Nafasi yangu ya tabibu mpe mwingine, mimi niwe akiba." Viongozi wengi wanaweza kupanga kwa taarifa ya namna hiyo. Wasichoweza kupanga ni "nitajitahidi kuja". Umeme wa kwenu ukikatika mara kwa mara, sema mapema pia, na usichukue nafasi ambayo ikianguka kikundi chote kinakufa.

Dalili zinazohitaji daktari

Shirika la Afya Duniani linautambua ugonjwa wa uchezaji katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Vigezo ni vitatu: mtu kushindwa kujidhibiti, gemu kupewa kipaumbele juu ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea hata madhara yakionekana, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Wingi wa saa peke yake si kigezo. Na upande wa pili: kama hamu imepotea kwa gemu, kwa mpira, kwa chakula na kwa marafiki kwa pamoja, na hali hiyo imezidi wiki mbili, acha kuchunguza gemu. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, na zinatibika.

Kuondoka vizuri, kurudi vizuri

Naoki Yoshida, mtayarishaji wa Final Fantasy XIV, amesema hadharani zaidi ya mara moja kwamba si vibaya kusitisha malipo, kucheza gemu nyingine, na kurudi toleo kubwa linapotoka. Gemu yake inaendana na kauli hiyo kwa sehemu kubwa, kwa sababu kila toleo kubwa hulegeza vikomo vya zamani na kuleta mavazi yanayomfikisha anayerudi karibu na wenzake. Isipokuwa nyumba: usipoingia ndani ya nyumba yako siku 45, inaweza kubomolewa, na kupata nyingine ni kazi. Amua kabla ya kuondoka kama nyumba hiyo inastahili kukulipisha kila mwezi.

Kabla ya kuzima, mwache mhusika mjini, uza vinavyooza thamani, na andika mahali sentensi mbili: uko wapi kwenye hadithi, na ulikuwa unakusanya nini. Zima arifa za gemu kwenye simu.

Ukirudi, siku ya kwanza usifungue orodha ya misheni. Katika World of Warcraft zima programu za nyongeza zote, maana zilizopitwa na toleo ndizo zinazoharibu skrini na kukufanya udhani gemu imevurugika. Safisha begi, soma maelezo ya toleo la sasa kuhusu aina ya mhusika wako tu, kisha mpige adui wa kawaida porini kwa nusu saa mpaka vidole vikumbuke. Kikundi kisubiri wiki moja. Na ulipie mwezi mmoja: mwenye miezi sita mkononi huanza kucheza ili pesa isipotee, na hapo amerudi kwenye kibarua kilekile.